Kijicho cha Ghorofa ya Tatu

Kioo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa chembamba na kirefu, kimetiwa katikati ya mlango wa ngazi wa ghorofa ya tatu ili anayepanda amwone anayeshuka wasigongane vifua. Mkaguzi wa moto alikiinamia, akamulika tochi kwenye kila pembe, akapitisha kidole, kisha akainuka na kumwambia Saumu kwamba hakina mhuri.

Kila kioo cha mlango wa kuzuia moto kina mhuri pembeni, umechomwa humo humo kiwandani, na sharti lake ni kwamba usomeke hata baada ya kioo kufungwa mlangoni. Mhuri ndio unaosema kwamba kioo hiki kimejaribiwa tanuruni, kwamba kitasimama nusu saa moto ukikiramba upande wa pili. Hiki kilikuwa kitupu. Kilikuwa kioo cha dirisha la jikoni, tena kimebandikwa kwa gundi nyeupe ya bafuni badala ya ule ukanda mweusi unaofura ukipata joto na kuziba kila upenyo.

"Hiki," mkaguzi alisema, "kitapasuka kabla watu hawajamaliza kuulizana nani ameunguza mkate."

Saumu alicheka kidogo kwa adabu. Alikuwa msimamizi wa jengo lile la ofisi nyuma ya Aldgate, London, kwa miaka mingi, na alijua kioo kile kilivyofika. Wapangaji wa ghorofa ya tatu walihamisha meza, pembe ya meza ikapiga kioo, wakaona haya kusema, wakamwita mtu wao akaziba pengo kimya kimya. Hilo lilikuwa la kusahihishwa. Kilichomsumbua ni mlango wenyewe. Mlango ule, na minne mingine ya ngazi ile, ilitundikwa na Msabaha, mume wake, na ndiyo kazi kubwa ya mwisho aliyoifanya duniani. Tangu alipozikwa, Saumu alikuwa haipandi lifti asubuhi. Alipanda kwa miguu ili aisukume ile milango mmoja mmoja kwa kiganja, mahali ambapo kiganja cha mumewe kiliisukuma kuipima.

"Kuna njia mbili," mkaguzi aliendelea. "Waliotengeneza milango hii waje watie kioo kinachostahili, kwa vijiti vyao vya kubana kioo na ukanda wao, waweke sahihi yao. Au mlete kampuni nyingine. Lakini kampuni nyingine haitagusa kioo cha mlango isioujua. Itang'oa yote na kutundika mipya. Kwangu mimi yote ni sawa, mradi lifanywe upesi."

Waliotengeneza milango hiyo walikuwa karakana ya Bhanubhai, huko Queensbury, alikofanya kazi Msabaha. Na siku hizi, kumwita Bhanubhai ni kumwita Komal.

Komal alikuwa binti wa Bhanubhai, mzaliwa wa London, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye mabega ya kubeba milango. Baba yake alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani: leta, weka, ngapi, haya kwenda. Lakini Komal alikuwa na Kiswahili kingine kabisa. Alikuwa na Kiswahili cha Msabaha. Miaka na miaka walikaa bega kwa bega katika gari la kazi, wakisubiri taa, wakisubiri mvua, wakisubiri wenye ofisi wafungue, na Msabaha alikuwa amemwaga humo maneno yake yote. Komal alisema "ndoo" badala ya njoo, kama mtu aliyezaliwa Mji wa Kale. Alimwita Msabaha "Ami", kama watoto wa kwao wanavyomwita ndugu wa baba. Hata kile kikohozi kidogo cha kuanzia hadithi, alikuwa nacho.

Nyumbani kwake Edmonton, Saumu alikuwa na binti, Tima, ambaye kila ukimwambia neno kwa Kiswahili alilielewa na kulijibu kwa Kiingereza. Na Msabaha mwenyewe, alipokuwa hai, alikuwa mtu wa kurudi jioni amechoka, akala, akatazama mpira, akaitikia "naam" na "sawa, mama". Saumu aliwaambia watu: mume wangu ni mkimya. Aliwaambia kwa fahari hata, maana yeye mwenyewe alitoka Voi kwenye nyumba ya wapiga kelele. Hakujua kwamba maneno ya mumewe yanaishia garini.

Alikuja kujua siku ya hitma. Alikuwa ameketi na wanawake, Komal akaingia amejitanda shali ya pamba, akalia kwa sauti iliyowafanya wazee wageuze nyuso. "Yule Mhindi ni nani wake?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mwanafunzi wake," akajibu mwingine. Na wa tatu akasema "mh", ile mh ya kike inayoweza kujaza gazeti. Kisha Komal, macho yamemvimba, akawasimulia habari ya Msabaha mdogo aliyefungiwa ghalani na mbuzi wa nyanyake, mbuzi akamla mfuko wa kaptura akiwa ameivaa. Wanawake walicheka mpaka machozi yakawatoka upya. Saumu alicheka nao. Alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo maishani mwake.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Msabaha alikufa akiwa ameshika usukani, kwenye taa nyekundu huko Neasden. Moyo wake ulisimama gari likiwa limesimama. Aliyekuwa kando yake, aliyevuta breki ya mkono, alikuwa Komal. Komal alimwambia Saumu siku ile ile kila kitu: kwamba Ami alikuwa akilalamika juu ya lori lililowakata mbele, na katikati ya malalamiko akanyamaza. Neno la mwisho la Msabaha, basi, lilikuwa "lori". Halikuwa neno la maana. Na bado Saumu alilionea uchungu kwamba halikuangukia masikioni mwake.

Hakuwa na la kumsamehe Komal, alijua. Hakukuwa na baya lolote kati ya wale wawili. Lingekuwapo baya, angalau angelijua jina lake, angeligombea, angelilia mbele za watu wakamhurumia. Lakini utamlilia nani kwamba mumeo alikuwa akizungumza?

Hata hivyo alipiga simu Queensbury. Aliitaka milango ibaki, na hakukuwa na njia nyingine ya kuibakisha.

Komal alikuja Jumatano, penseli sikioni. Saumu aliposhuka kumpokea alimkuta amesimama kwenye mapokezi na Exaucé, mlinzi wa jengo, mtu wa Bukavu, wawili hao wakicheka mpaka Exaucé amejishika ubavu. Kicheko kilikatika Saumu alipokaribia. Hilo nalo aliliweka moyoni.

"Shikamoo, Mama Tima."

"Marahaba. Twende juu."

Ghorofa ya tatu Komal alipiga magoti mbele ya mlango bila kungoja. Alipima unene wake, akaufungua na kuuacha ujifunge, akaufungua tena. Akabonyeza ile gundi kwa ukucha; ikatoka ndefu kama ulimi.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Wapangaji."

"Ami angelia." Akafikiri. "La, asingelia. Angesema, mtu huyu mpeni chai kwanza, anayefunga kioo hivi si mjinga, ana njaa." Akacheka peke yake. "Lakini chai isiwe na tangawizi! Unamjua na tangawizi. Ilimchoma kifua, masikini, alikuwa akinywa maji nusu chupa garini kila asubuhi."

 Saumu alikuwa amemtilia Msabaha tangawizi katika chupa yake ya chai ya kazini kila siku ya ndoa yao.

Komal alimaliza kupima, akainuka, akaupa mlango mgongo, akapangusa mikono kwenye suruali. Wapangaji wawili walikuwa wakipita na vikombe vyao, naye akangoja wapite. Kisha akamsogelea Saumu, akamtazama usoni, akapunguza sauti kama mtu anayetoa nasaha.

"Mama Tima, nikwambie kweli? Mengine yote hapa ni mazuri. Taabu ni kijicho tu."

"Ni nini?"

"Kijicho. Wala usione haya, kiko kila mahali, kwa watu wakubwa ndio zaidi. Lakini hakifai kuachwa. Ami alikuwa akisema kila siku, kijicho kibaya huunguza nyumba nzima."

Saumu alihisi damu ikimpanda shingoni. "Msabaha alikwambia hivyo?"

"Kila siku! Tukitoka tu kwa mteja, anaanza: umekiona kijicho cha yule mama? Tunacheka mpaka Wembley." Komal alimgusa mkono. "Niachie mimi. Nitakitoa mara moja, hutajua hata kama kilikuwapo."

Kwa hiyo alikuwa ameona. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wameona, zamani, kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba anacho. Walikaa katika lile gari wakamjadili, yeye na husuda yake, kama watu wanavyojadili mguu wa mtu ulioteguka, na mumewe, yule mkimya, alikuwa amemtungia methali. Saumu aliutoa mkono wake.

"Hakuna haja," alisema, na alisema kwa Kiingereza, lugha anayoitumia na wachelewesha kodi. "Nitakupigia simu nikiamua."

"Mama Tima? Nimesema nini?"

"Lifti iko pale."

Komal alisimama kidogo, kipimo mkononi, akimtazama. Kisha akaondoka.

Saumu aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, akaipigia kampuni ya Croydon ambayo mwenye jengo alipata kuitaja. Walikuwa na nafasi Jumamosi hiyo. Kazi yao nyingine ilikuwa imeahirishwa. Milango yote mitano? Yote mitano. Mwenye jengo alikubali kwa maneno mawili. Saumu alijua anachokifanya. Alijua kwamba Jumatatu atapanda ngazi na hakutakuwa na mahali pa kuweka kiganja. Lakini Komal naye hatakuwa na mahali pa kupiga magoti. Akose, alijiambia. Na mimi nikose, lakini na yeye akose.

Jioni ile, akikwangua kwa kijiko nazi ya pakiti iliyoganda, alimwuliza Tima kama baba yake alipata kumsimulia habari ya mbuzi wa nyanyake. Tima, macho kwenye simu, akajibu kwa Kiingereza kwamba anaijua sana. Komal alimsimulia.

Saumu aliweka kijiko chini taratibu, ili asikitupe.

Jumamosi jengo lilikuwa tupu isipokuwa yeye, Exaucé, na mafundi wawili wa Croydon, watu wastaarabu waliofuta viatu kabla ya kuingia. Walianza chini. Walifungua bawaba, wakauchukua mlango kama wanavyomchukua mgonjwa, wakautoa nje mpaka kwenye kontena la taka lililoegeshwa kando ya barabara. Haukuingia. Ulikuwa mrefu na mzito. Basi mmoja wao akawasha msumeno.

Saumu alisimama kwenye mapokezi, mikono kifuani. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila sauti ile. Msumeno uliingia kwenye mbao ngumu ukipiga ukelele mwembamba, ukafika kwenye kioo, ukasita, fundi akaupitisha pembeni. Nusu ya mlango ikaanguka ndani ya kontena. Kioo chake kilikuwa kizima, na pembeni mwa kioo mhuri ulikuwa pale pale, unasomeka.

"Mama Saumu," Exaucé alisema kutoka mezani kwake. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, na huwa hakiulizi ruhusa. "Mbona wanakata mulango ya huku chini? Ile ya mubaya si iko kule juu?"

"Wanabadilisha yote."

"Yote? Juu ya kijicho kimoja?"

Saumu aligeuka. Uso ulimwaka. "Na wewe pia umeambiwa?"

"Nimeambiwa nini?"

"Hicho kijicho. Ni Komal aliyekwambia?"

"Eh, ndiyo, dada Komal." Exaucé alitabasamu akikumbuka. "Siku ile, mbele ya weye kushuka. Nilimwuliza, dada, unakuja kufanya nini? Akasema, nakuja kuona kijicho. Nikasema, kijicho ni nini? Akaninyooshea kidole pale, kwa mulango. Ile kadirisha kadogo ya kati. Alisema yeye na mzee wake hawakuwahi kukaita jina lingine. Nikamwambia, kwetu Bukavu tungesema kajicho. Halafu weye Muhindi ndiye utanifunza Kiswahili? Tulicheka, mama, nilitaka kuanguka." Akamtazama vizuri. "Nimesema mubaya?"

 Saumu alikuwa akiyasikia upya maneno ya Jumatano, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa limegeuka uso. Taabu ni kijicho tu. Kiko kila mahali, kwa watu wakubwa ndio zaidi. Umekiona kijicho cha yule mama? Nitakitoa mara moja. Jicho dogo la mlango. Kioo.

Mtu yeyote wa pwani angejua kwamba kijicho ni husuda. Msabaha alijua. Alikuwa amelichukua neno hilo makusudi, akalibandika kwenye kioo kinachochungulia watu mchana kutwa, akampa msichana ambaye hakuwa na kamusi nyingine duniani isipokuwa yeye, wala hakumwambia kwamba lina upande wa pili. Ukimya wote ule, na ndani yake mzaha kama huo! Saumu alihisi kicheko kikimjia, na papo hapo akasikia msumeno ukiwashwa tena.

Alitoka mbio. Mlango wa ghorofa ya kwanza ulikuwa umelazwa juu ya vigogo viwili nje, na ulikuwa umekatwa tayari. Fundi alikuwa anamalizia nyuzi za mwisho.

"Simameni! Basi! Basi!"

Fundi alizima msumeno, akavua miwani. Saumu alijisikia akieleza, kwa Kiingereza kilichokatikakatika, kwamba kumetokea kosa, kwamba kosa ni lake, kwamba watundike miwili mipya huku chini wakaende zao na iliyobaki wasiiguse. Mafundi walitazamana. Mkubwa wao akasema kwa upole kwamba yeye hana neno, ila hii miwili hairudi.

"Najua," Saumu alisema. "Naona."

Kisha akampigia simu Komal.

"Mama Tima?" Sauti ilikuwa ya tahadhari.

"Njoo. Njoo na kioo."

"Leo? Lakini Jumatano ulisema..."

"Njoo tu, mwanangu."

Hakuwa amekusudia kumwita mwanangu. Lilitoka.

Komal alifika mchana, akaegesha nyuma ya kontena. Alishuka upande wa dereva, na kabla hajafunga mlango wa gari aliviona vile vipande. Alivitambua hapo hapo. Alipanda kwenye gurudumu la kontena, akaingiza mkono, akaugusa ukingo wa mbao uliochanika.

"Hii ni ya Ami."

"Ndiyo."

"Nani kasema ikatwe?"

"Mimi."

Komal aligeuka. Saumu alikuwa hajapata kumwona na hasira; ilimfanya aonekane mdogo. "Kwa nini? Ilikuwa na ubaya gani? Nilikwambia, nilikwambia kwa mdomo wangu, ni kijicho tu!"

"Uliniambia."

"Basi kwa nini, Mama Tima? Tuliitengeneza pamoja, mimi na yeye. Mbao hizi nilizichagua mimi. Kwa nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa jibu jepesi tena la kuchekesha: kwa sababu neno hilo, binti yangu, kwetu lina maana nyingine. Angelisema, Komal angeshika kichwa, wangekumbatiana barabarani. Lakini Saumu alilizuia. Hapa, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na kitu cha Msabaha ambacho Komal alikibeba miaka yote bila kukijua, na kilichokuwa kimekaa muda wote huo kikimsubiri mtu wa kukielewa. Hakuwa tayari kukigawa.

"Nilikasirika," alisema. "Kwa mambo yangu. Si yako."

"Ulikasirika." Komal alishuka kwenye gurudumu. Na hapo akaanza kulia, wazi, kwa sauti, kama siku ya hitma, wapita njia wakampisha wakitazama viatu vyao. Saumu alisimama kando, macho makavu. Hata hilo alimwonea wivu, kwamba machozi yanamtii vile.

Alimngoja. Kisha akachukua ncha moja ya sanduku la kioo, Komal akachukua nyingine, wakaingia ndani. Exaucé aliwafungulia.

Ghorofa ya tatu Komal aliipasua ile gundi, akakitoa kioo cha jikoni, akakiegemeza ukutani. Akasafisha pengo mpaka mbao ikaonekana. Akapitisha ukanda mweusi kwenye kingo zote, pembe kwa pembe, bila kuacha mwanya wa kupitisha uzi. Alifanya kazi vizuri. Saumu alitamani kuona kosa, akatazama kwa makini, hakuliona.

"Shika hapa," Komal alisema. "Mikono miwili. Kizito hicho."

Kilikuwa kizito kuliko Saumu alivyodhani. Alikishika kikiwa kimesimama ndani ya pengo lake huku Komal akienda upande wa pili.

"Mhuri uko wapi?"

"Chini, kulia kwangu."

"Uache hapo. Usiingie nyuma ya kijiti. Ukifichwa ni kama haupo."

Sasa walitazamana kupitia kioo, kila mmoja upande wake. Komal alianza kufunga vijiti, skrubu moja moja, kwa pembe ya mteremko ili zishike kioo hata mbao ikianza kuungua. Kazi ilimtuliza. Baada ya kitambo, bila kujua, akakohoa kile kikohozi.

"Ami aliniambia, alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wao wa Kiarabu alikuwa na..."

"Hiyo naijua," Saumu alisema.

Hakuijua. Komal akafunga skrubu nyingine.

"Na ile ya harusi ya binamu yake, mapipa ya pilau yalipo..."

"Hiyo pia naijua."

Komal alishusha drili. Alimtazama kupitia kioo kwa muda, na Saumu akajua kwamba ameonekana. Alingoja kuumbuliwa. Lakini Komal alisema tu, polepole, "Basi nisimulie wewe, Mama Tima. Nisimulie moja nisiyoijua mimi."

Saumu alipekua kichwani. Alipekua kama mtu anayetafuta sarafu kwenye koti la zamani, na kwa kitambo kirefu hakupata kitu ila mtu aliyekaa kwenye kochi akiitikia naam.  Kisha akaanza kusema kabla hajajua anasema nini.

"Alikuwa akitoka alfajiri. Mimi siku hizo nafanya zamu ya usiku hospitalini, kufagia, narudi nalala saa chache tu. Basi alikuwa akitoka chumbani kinyumenyume. Anashika kitasa kwa mkono mmoja, na ule ulimi wa kufuli anaubonyeza kwa kidole cha mkono wa pili, ili mlango usilie. Anaurudisha hivyo hivyo, nywele kwa nywele, mpaka umefunga. Kisha anasimama nje kidogo asikilize kama nimeamka."

"Na ulikuwa umeamka?"

"Kila siku. Nalala nimefumba macho nikisikiliza asivyopiga kelele. Sikumwambia hata mara moja. Ningemwambia angeacha."

Komal hakucheka. Kitu kilipita usoni mwake, kidogo tu, mdomo ukakaza, macho yakaenda kando kisha yakarudi. Saumu alikiona kupitia kioo na akakitambua mara moja, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amekivaa mwaka mzima.

"Hakuniambia hiyo," Komal alisema.

"Hapana," Saumu alisema, akakishika kioo vizuri zaidi. "Hiyo hakukwambia. Haya, funga upande wako."